Kompyuta Haijui Dodoma Ilipo

Hotuba kwa wanafunzi wa somo la programu za ramani, Dodoma. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika ukumbini.

Ndugu Mwenyekiti wa kikao, wahadhiri wetu, mafundi wa maabara ya kompyuta, na ninyi ndugu wanafunzi mnaoanza somo la programu za ramani muhula huu, habari za asubuhi.

Nashukuru kwa kualikwa. Nimefanya kazi ya ramani katika mikoa hii ya kati kwa miaka mingi, na muhula baada ya muhula nimekaa maabara na wanafunzi wa somo hili hili, wengine wakiwa wametangulia kuwa wapima ardhi, maofisa mipango miji na wataalamu wa maji katika halmashauri zetu. Leo sikuja kuwafundisha vitufe. Vitufe mtafundishwa na walimu wenu, na toleo jipya la programu likitoka vitufe hivyo vitahama mahali pake. Nimekuja kuzungumzia lile linalotakiwa kutangulia kabla kidole hakijagusa kitufe.

Naomba nianze na swali. Kompyuta iliyo mbele yako maabara, je, inajua Dodoma iko wapi?

Haijui. Kompyuta inajua namba. Ukiipa namba mbili itaweka nukta pale namba hizo zinapoangukia, na haitashangaa wala kukuuliza kama una hakika. Mji wetu uko takribani latitudo nyuzi 6.17 kusini na longitudo nyuzi 35.74 mashariki. Katika jedwali, kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Sahau alama hiyo moja, na Dodoma itahamia kusini-magharibi mwa Ethiopia. Iweke alama yake sawasawa, lakini uingize latitudo kwenye safu ya longitudo na longitudo kwenye safu ya latitudo, na Dodoma itakwenda kuelea katika bahari ya Atlantiki, jirani na mji wa Tangier nchini Moroko. Nimeyaona haya kwa macho yangu, katika kazi za vijana wenye akili nzuri kabisa, usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Kijana anaangalia kioo cheupe, anasema, "Mwalimu, data zangu zimepotea." Hazijapotea. Ziko Moroko.

Sasa nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu sisi wa Dodoma tuna shida yetu ya pekee ambayo mwenzenu anayesoma Mwanza au Dar es Salaam hakutani nayo kila siku.

Mnajua, au mtajua wiki ya pili, kwamba kazi nyingi za ramani hapa nchini hufanywa kwa mfumo wa UTM, unaotaja mahali kwa mita badala ya nyuzi na unaoigawa dunia katika kanda 60, kila kanda ikiwa na upana wa nyuzi 6 za longitudo. Tanzania imeangukia kanda tatu: Kigoma mjini iko kanda ya 35, sehemu kubwa ya magharibi na kati iko kanda ya 36, na mashariki yote mpaka pwani iko kanda ya 37. Mpaka kati ya kanda ya 36 na ya 37 ni longitudo ya nyuzi 36 kamili. Mpaka huo unapita wapi? Unapita ndani ya mkoa wetu. Ukitoka mjini kwa barabara ya Morogoro, unauvuka kabla hujamaliza kilomita 40, maeneo ya Chamwino, na hakuna kibao chochote barabarani kinachokuambia. Dodoma mjini, Bahi na Kondoa mjini ziko kanda ya 36. Kongwa na Mpwapwa ziko kanda ya 37. Mkoa mmoja, kanda mbili.

Kwa nini nalisisitiza hili? Kwa sababu kila kanda huanza kuhesabu upya. Mita 500,000 za mashariki zimo katika kanda ya 36, na mita 500,000 za mashariki zimo katika kanda ya 37, na ukiziangalia kwenye jedwali huwezi kuzitofautisha. Mwaka mmoja mwanafunzi wangu alikusanya koordineti za visima katika vijiji vya Mpwapwa. Alifanya kazi ya kiungwana: alitembea, aliongea na kamati za maji, aliandika kila kisima kina cha maji na mwaka wa kuchimbwa. Aliporudi maabara akaiambia programu kwamba namba zote ni za kanda ya 36, kwa kuwa ndiyo kanda ya "Dodoma" aliyoizoea. Visima vyote vya Mpwapwa vikahama zaidi ya kilomita 650 kwenda magharibi, vikajipanga mkoani Katavi, upande wa pili wa Mpanda. Mwenzake aliyekuwa ameketi naye meza moja alifanya kinyume: alichukua nukta za mjini Dodoma akazitaja kuwa za kanda ya 37, na mji mkuu wa nchi ukaonekana katikati ya Bahari ya Hindi, mashariki kabisa ya Zanzibar.

Kuna namba nitaomba mziandike. Mfumo wa WGS 84, ule unaotumiwa na GPS, kwa koordineti za nyuzi una namba ya utambulisho 4326. WGS 84 UTM kanda ya 36 Kusini ni 32736, na ya 37 Kusini ni 32737. Tazameni hiyo 7 ya katikati. Hiyo ndiyo inayosema "Kusini". Mkiandika 32636 mmesema kanda ya 36 Kaskazini, na kwa kuwa sisi wa kusini tunahesabu kutoka mita 10,000,000 zilizowekwa kwenye ikweta, Dodoma yenye kama mita 9,317,000 itapelekwa barafuni, karibu na Ncha ya Kaskazini. Tarakimu moja.

Lakini, ndugu zangu, makosa haya makubwa siyo ninayoyaogopa. Kosa la kilomita 600 utaliona mwenyewe, utaona haya, utalisahihisha, na hakuna mtu atakayeumia. Ninaloliogopa ni kosa dogo, kosa linaloonekana kama ukweli.

Hapo nina kisa changu mwenyewe. Nikiwa bado kijana kazini, tulipewa jukumu la kwenda kuonyesha mahali pa kuchimba lambo la mifugo katika kijiji kimoja cha wilaya ya Bahi. Ofisini tulikuwa na ramani ya karatasi ya skeli ya 1:50,000, zile ramani za zamani ambazo mpaka leo ni hazina. Mimi ndiye niliyesoma koordineti kwenye karatasi, nikaziandika kwenye daftari, nikaziingiza kwenye kifaa cha GPS. Tukaenda. Kifaa kikatuongoza vizuri, kikatuambia tumefika, na tulikuwa tumesimama katikati ya shamba la uwele la bibi mmoja, uwele umekaribia kukomaa. Korongo tulilolikusudia halikuwepo. Tukaanza kutembea huku na huku, tukikanyaga.

Bibi akatoka kwenye kivuli. Tukamwamkia, akaitikia marahaba yake taratibu, akauliza tunatafuta nini shambani kwake. Nikamwambia, "Bibi, tunatafuta korongo." Akanyoosha fimbo kuelekea kusini. "Korongo ni lile pale, wajukuu zangu. Tangu niolewe hapa halijahama."

Lilikuwa mita kama 300 kutoka tulipokuwa.

Ni nini kilitokea? Ramani zile za 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ambao umejengwa juu ya umbo la dunia lililokokotolewa karne ya 19. Kifaa changu cha GPS kilikuwa kwenye WGS 84. Kati ya mifumo hiyo miwili, hapa kwetu, koordineti za UTM zinatofautiana kwa takribani mita 300, nyingi zikiwa za kaskazini na kusini. Namba nilizisoma sawa. Kifaa kilifanya kazi sawa. Ila hakuna aliyeuliza namba hizi ni za mfumo gani. Na kama siku ile tungekuwa na ramani ya mipaka ya mashamba badala ya lambo, mita 300 zingetosha kumhamishia bibi yule shamba lake kwa jirani.

Ndiyo maana nawaomba, na nitarudia mpaka mnichoke: kabla ya kubonyeza, uliza. Namba hizi ni za mfumo gani? Faili limetoka kwa nani? Lilitengenezwa kutoka ramani gani, mwaka gani? Aliyekupa faili akisema hajui, mrudie aliyempa. Ukiona 21036 au 21037, hizo ni Arc 1960 za kanda ya 36 na ya 37 Kusini. Ukiona 32736 au 32737, hizo ni WGS 84. Zote mbili zipo katika ofisi zetu, zimechanganyika, na zitaendelea kuchanganyika katika maisha yenu yote ya kazi.

Na hapa kuna jambo linalowachanganya wengi hata mwaka wa tatu. Programu ina njia mbili zinazofanana kwa jina lakini ni mbingu na ardhi. Njia ya kwanza ni kuitajia programu mfumo wa faili. Njia ya pili ni kuliambia faili lihamie mfumo mwingine, yaani namba zenyewe zikokotolewe upya. Ukichukua gunia la mahindi ukalibandika karatasi iliyoandikwa "uwele", ukilifungua utakuta nini? Utakuta mahindi. Kutaja mfumo ni kubandika karatasi, na unatakiwa ubandike karatasi ya kweli. Mwanafunzi anapata faili la Arc 1960, anataka liwe WGS 84, anakwenda kwenye sifa za tabaka, yaani faili hilo likiwa limefunguliwa kwenye ramani, anachagua 32736, anaona jina limebadilika, anafurahi. Hajabadilisha chochote. Amebandika "uwele" kwenye mahindi, na kwa sababu kosa ni la mita 300 tu, ukiangalia mkoa mzima kwenye kioo kila kitu kinaonekana kimekaa mahali pake.

Mtajipimaje? Chukueni kitu ambacho hakihami. Reli, makutano ya barabara kubwa, tuta la bwawa la Hombolo. Wekeni tabaka lenu juu ya picha ya satelaiti, mkaribie mpaka muone tuta lenyewe, kisha mtazame. Fanyeni hivyo kila faili jipya linapoingia mikononi mwenu, kabla ya kazi nyingine yoyote. Ni dakika mbili.

Niongeze neno kuhusu eneo, kwa sababu mtaulizwa ekari. Msikokotoe eneo wakati tabaka liko kwenye nyuzi, kwa kuwa nyuzi si mita, na urefu wa nyuzi moja ya longitudo hubadilika kadiri unavyoondoka kwenye ikweta. Wala msikokotoe kwenye projeksheni (njia ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye ramani bapa) ile inayotumiwa na ramani za mitandaoni, ambayo huko London hukuza eneo zaidi ya mara mbili na nusu. Hapa Dodoma, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, kosa lake ni kama asilimia moja tu, na kwa sababu hiyo hiyo linatupita bila kuonekana. Hamieni UTM kwanza, kanda sahihi, ndipo mkokotoe mita za mraba. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, ekari moja ni kama 4,047.

Ndugu wanafunzi, nihame sasa kwenye jedwali. Wengi wenu mmelipenda somo hili kwa sababu ya rangi na picha, na hilo halina ubaya. Lakini nyuma ya kila poligoni, yaani kila umbo la eneo lililochorwa mipaka yake, kuna mstari mmoja wa jedwali, na kazi nyingi huharibikia huko, kimyakimya.

Chukueni mfano wa kata. Mwanafunzi ana poligoni za kata za jiji letu, na ana jedwali jingine lenye watu wa kila kata. Anataka kuviunganisha kwa jina la kata. Anabonyeza, ramani inatokea, lakini baadhi ya kata zimebaki nyeupe. Kata ya Ng'hong'honha ni nyeupe. Kata ya Chang'ombe ni nyeupe. Kwa nini? Mimi nimekaa na mwanafunzi saa nzima tukitafuta, tukihesabu herufi moja moja, majina yanafanana kabisa kwa macho, mpaka tulipokuza maandishi tukaona: kwenye faili la kwanza ile ng' imeandikwa kwa alama iliyonyooka, na kwenye la pili imeandikwa kwa alama iliyopinda ambayo programu ya kuandikia barua huiweka yenyewe. Kwako wewe ni Chang'ombe moja. Kwa kompyuta ni vitu viwili visivyojuana.

Na hata yakiandikwa sawa, majina yetu hurudiwa. Chang'ombe iko Dodoma na iko Dar es Salaam. Chamwino ni wilaya, na Chamwino ni kata ndani ya jiji la Dodoma. Unganisheni kwa msimbo, yaani namba ya kata, pale inapopatikana; jina liacheni kwa ajili ya msomaji wa ramani. Kisha jumlisheni safu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,085,625 katika mkoa wa Dodoma. Ukimaliza kuunganisha jedwali lako la mkoa na jumla ikawa pungufu ya hiyo, basi kuna watu uliowaacha nje ya ramani, na unatakiwa uwatafute mmoja mmoja mpaka uwapate. Hao ni watu. Ramani ile ikitumika kugawa dawa au madawati, kata iliyobaki nyeupe haitapata.

Kuhusu mafaili nitapita haraka, ila msidhani ni jambo dogo. Aina ya faili mtakayokutana nayo sana ni shepufaili, na shepufaili si faili moja. Ni kundi: lipo lenye umbo, mwishoni limeandikwa shp, lipo faharasa, shx, lipo jedwali, dbf, na lipo linalotaja mfumo wa koordineti, prj. Hutembea pamoja kama ng'ombe wa zizi moja. Nimeona mwanafunzi akija siku ya kuwasilisha na flashi yenye shp peke yake, nyingine zimebaki kwenye kompyuta ya rafiki aliyekwenda Singida. Na huyu prj akikosekana, swali letu la asubuhi linarudi: namba hizi ni za mfumo gani? Tena jedwali la shepufaili halikubali jina la safu lenye herufi zaidi ya 10. Andika "idadi_ya_wanaume" na "idadi_ya_wanawake", hifadhi, kisha fungua tena: zote mbili zimekatwa zikabaki "idadi_ya_w", na programu imeitofautisha ya pili kwa kuitia tarakimu mwishoni. Wanaume ni wepi na wanawake ni wepi? Basi pendeleeni GeoPackage, ambayo hubeba matabaka mengi katika faili moja na haina ukatili huo wa majina, na shepufaili mzitumie pale mnapolazimika kumpa mtu anayezitaka.

Fahamuni pia kwamba faili la mradi, lile mnalolifungua mkaona ramani imepangika, halina data ndani yake. Limeandika tu njia ya kuzifikia. Ukihamisha folda au ukibeba faili la mradi peke yake, utakutana na orodha ya matabaka yasiyopatikana, na hadhira imekaa inakutazama. Folda moja kwa kazi moja, data zote ndani yake, nakala rudufu mahali pawili, na kuhifadhi kila baada ya hatua, kwa kuwa umeme ukikatika maabara hautakusubiri.

Wengine mmeniuliza kabla ya kikao mjifunze programu ipi. Jifunzeni ile ambayo chuo kimeipangia somo, kwa bidii yote. Lakini kama somo lenu linatumia ArcGIS, jueni kwamba leseni ya chuo hamtaondoka nayo siku ya mahafali, na halmashauri nyingi mtakazoripoti zitakuwa na kompyuta moja na bajeti finyu. Kwa hiyo kila zoezi mnalolifanya maabara, rudini hosteli mkalirudie kwa QGIS, ambayo ni ya bure na imekuwa ikijengwa na watu wa kujitolea duniani tangu 2002. Mtu aliyefanya kazi moja kwa programu mbili ameielewa kazi.

Sasa nifike mahali ninapopathamini kuliko pote, nako ni nje ya maabara.

Kongwa iko hapa jirani, na wengi wenu mmepita huko mkielekea nyumbani. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza iliwatuma wataalamu kuchunguza kama Tanganyika inafaa kwa kilimo kikubwa cha karanga. Walikaa wiki chache, na sehemu kubwa ya ardhi waliitazama kutoka kwenye ndege. Wakarudi na ripoti yenye matumaini makubwa, na 1947 kazi ikaanza Kongwa: matingatinga, matrekta, mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika na nchi jirani. Kutoka angani lile pori lilionekana tambarare, lina nafasi, linangoja. Lakini kumbukumbu za mvua zilikuwa haba mno kwa uamuzi mkubwa kiasi kile, na udongo wa mfinyanzi wa Kongwa, kiangazi kilipofika, ulikauka ukawa mgumu kama saruji, karanga zikafungwa humo ndani zisichimbike. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimekwisha kuzama.

Mgogo aliyekuwa akilima uwele na mtama pale alijua habari za mvua ile na udongo ule. Alijua kwa jembe. Nani alimuuliza?

Ndugu wanafunzi, sisi leo tuna macho makali kuliko ndege ile. Tuna satelaiti za Landsat, zilizoanza kupiga picha za dunia 1972, na picha zao ni bure tangu 2008. Tuna satelaiti za Sentinel-2 zenye pikseli, yaani vipande vidogo vya mraba vinavyounda picha, za mita 10. Lakini hatari ni ile ile, ya kutazama kutoka juu na kudhani umejua. Pikseli moja ya Landsat ina mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900. Viwanja vingi vya makazi mjini hapa vinamezwa vizima ndani ya pikseli moja. Usijaribu kuhesabu nyumba humo.

Nilimsimamia mwanafunzi mmoja aliyeandika kuhusu Kondoa, ambako mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika sana kwa mmomonyoko ili uoto urudi. Ni mada nzuri sana. Akapakua picha mbili za miaka tofauti, akazilinganisha, na matokeo yake yakaonyesha kwamba uoto umetoweka karibu wote. Ramani yake ilikuwa nzuri, rangi zimepangika, ufunguo upo, skeli ipo, mshale wa kaskazini upo. Nikamuuliza picha ya kwanza ni ya mwezi gani. Akaangalia: Machi. Na ya pili? Septemba. Nikanyamaza, naye akanyamaza. Mtoto wa mkoa huu anajua Machi kwetu kukoje na Septemba kukoje. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi. Machi kila kichaka ni kijani, na Septemba hata mbuyu umesimama mtupu. Alikuwa amepima kiangazi. Alirudi akatafuta picha za mwezi mmoja kwa miaka yote, akaanza upya, na kazi yake ya pili ndiyo aliyohitimu nayo.

Vivyo hivyo mkichora majengo au mashamba juu ya picha ya mandharinyuma, tafuteni kwanza picha ilipigwa lini. Jiji hili linakua mbele ya macho yetu. Mtumba ya leo siyo ile ya miaka michache kabla ya serikali kuhamia. Iyumbu na Nala palipokuwa na mashamba ya zabibu na vichaka sasa pana nyumba. Ukichora kutoka picha ya zamani utawaandika watu walioezeka nyumba zao kuwa ni shamba. Na ukifika mahali usijue kitu ni nini, iwe ni zizi au ni tanuri la matofali, iwe ni njia ya maji au ni njia ya ng'ombe, usikisie. Weka alama, kisha nenda. Dar es Salaam, kuanzia 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu walifanya hivyo katika mradi wa Ramani Huria: walitembea mitaa inayofurika pamoja na wakazi wake, wakachora mifereji na nyumba, na wakazi ndio waliowaambia maji hufika mpaka wapi. Hakuna satelaiti inayojua alama ya maji kwenye ukuta wa sebule ya mtu.

Nawaomba sana mjifunze kuuliza watu kwa adabu. Anzeni kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, jitambulisheni, elezeni mnapima nini na kwa nini, kwa sababu mwananchi akimwona kijana na kifaa mkononi shambani kwake hofu yake ya kwanza ni kwamba ardhi inachukuliwa, na hofu hiyo ina historia. Mwamkieni. Kaeni kama mkikaribishwa. Yule bibi wa Bahi angetuambia korongo liko wapi kabla hatujakanyaga uwele wake, kama tungeanza kwake.

Nimalizie kwa maandalizi ya Jumamosi, kwa kuwa nimeombwa niwaongoze katika zoezi la kwanza la nje. Tutakutana getini saa moja kamili asubuhi. Kila kikundi kije na kifaa cha GPS au simu yenye programu ya kuchukulia nukta, daftari na penseli, kofia na maji ya kutosha. Tutapima nukta upande huu wa nyuzi 36, kisha tutapanda basi la chuo mpaka ng'ambo ya mstari ule, upande wa kanda ya 37, tupime nyingine. Kabla hamjatoka hosteli, fungueni mipangilio ya kifaa chenu, mtazame kimewekwa mfumo gani, na mwandike jina la mfumo huo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, juu kabisa, kwa herufi kubwa. Nitapita nikikagua daftari moja moja kabla basi halijaondoka.

Ahsanteni sana.